Kweli na Upendo kwa Jirani: Filamu ya "Mapanki" Mbele ya Amri ya Nane

UTANGULIZI

Mwaka 2004 ilitokea huko Ulaya filamu iliyoitwa kwa Kifaransa Le Cauchemar de Darwin, yaani Jinamizi la Darwin. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuliipa jina letu wenyewe, tukaiita filamu ya mapanki. Ilisifiwa Venice na Paris, ikalaaniwa Mwanza na Dodoma, na wengi waliobishana juu yake hapa nchini hawakuwa wameiona hata dakika moja. Leo kelele zile zimetulia. Hivyo basi yafaa wachungaji na wanafunzi wa theolojia waitazame kwa macho matulivu na kuipima kwa kipimo kilicho chao.

Makala hii haikusudii kuitetea serikali dhidi ya filamu, wala filamu dhidi ya serikali. Swali letu ni moja: je, mtu aliyekuja na kamera katika ziwa letu alimshuhudia jirani yake kweli? Hili ni swali la Amri ya Nane (Kutoka 20:16). Tutaanza na mtengenezaji na kazi yake, kisha tutaeleza yaliyomo katika filamu na mzozo uliofuata. Baada ya hapo tutamlinganisha na Mfaransa mmoja aliyemtangulia katika kuipiga Afrika picha, Jean Rouch. Mwisho tutaona kwamba hukumu tunayoitoa inarudi mlangoni petu.

MTENGENEZAJI NA KAZI YAKE

Hubert Sauper alizaliwa Austria mwaka 1966. Alisomea utengenezaji wa filamu Vienna na Paris, akafanya makao yake Ufaransa. Mwaka 1997 alikuwa Kongo, kusini mwa Kisangani, akiwafuata wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wakifa msituni kando ya reli iliyoachwa. Kutokana na safari hiyo ilitoka filamu fupi, Shajara ya Kisangani. Katika safari za wakati huohuo alishuhudia jambo lililozaa filamu ya mapanki. Aliona ndege mbili kubwa za mizigo, moja ikileta kutoka Marekani tani 45 za mbaazi kwa ajili ya kambi za wakimbizi, nyingine ikiondoka na tani 50 za samaki kwenda Ulaya. Chakula kinaingia na chakula kinatoka, na katikati yake pana watu wenye njaa.

Alirudi Mwanza na msaidizi mmoja na kamera ndogo, akakaa na watu kwa muda mrefu. Matokeo yake ni filamu ya dakika 107 isiyo na sauti ya msimulizi. Ilipewa tuzo ya filamu bora ya hali halisi ya Ulaya mwaka 2004. Mwaka 2006 ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa kama kazi bora ya kwanza, na mwaka huohuo ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Baadaye Sauper alitengeneza filamu juu ya Sudan Kusini (2014) na nyingine juu ya Cuba (2020). Katika kazi zake zote anauliza jambo moja: wenye nguvu wanapofika kwa wanyonge wakijiita marafiki, wanachukua nini wanapoondoka?

YALIYOMO KATIKA FILAMU

Filamu inaanza na kivuli cha ndege kikipita juu ya maji. Tunaingia katika mnara wa uwanja wa ndege wa Mwanza, ambamo mwongoza ndege anahangaika na wadudu wanaogonga kioo. Kandokando ya njia ya kurukia yamelala mabaki ya ndege zilizoanguka. Kisha tunasimuliwa habari ya sangara. Samaki huyu alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, akawala furu wa aina nyingi hata wengi wao wakatoweka, akawa msingi wa viwanda vya minofu.

Baada ya hapo tunakutana na watu. Yupo mwenye kiwanda anayejivunia ajira alizozileta. Wapo marubani kutoka nchi zilizokuwa za Kisovieti, wakinywa na mabinti wanaojiuza. Mmoja wa mabinti hao anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania kwa sauti nzuri, na kabla filamu haijaisha tunaambiwa kwamba ameuawa na mteja. Wapo watoto wa mitaani wanaogombea sufuria ya wali, na wanaoyeyusha vifungashio vya samaki ili wavute moshi wake wapate usingizi. Yupo mlinzi wa usiku wa taasisi ya utafiti wa samaki, mwenye mishale ya sumu, anayelipwa kama dola moja kwa usiku. Huyu anasema kwa utulivu kwamba vita ingekuwa heri, kwa maana jeshi hulipa vizuri. Yapo pia mapanki yenyewe, yaani vichwa na mifupa ya sangara baada ya minofu kuondolewa. Yanaanikwa juu ya vichanja huku funza wakianguka, na mama anayefanya kazi hiyo anaeleza jinsi hewa ya pale ilivyomharibu jicho.

Mambo mawili yanatuhusu sisi zaidi. La kwanza ni onyesho la usiku la filamu ya maisha ya Yesu, ambamo nyavu za wanafunzi zinajaa samaki, na wanaotazama ni watu wa ziwa ambalo samaki wake wanapanda ndege. La pili ni mchungaji anayehesabu vifo katika kambi ya wavuvi. Anapoulizwa, anasema hawezi kuwashauri watu kutumia kondomu kwa kuwa ni dhambi. Tutarudi kwake.

MZOZO

Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete, akihutubia Mwanza, aliilaani filamu hiyo hadharani. Alisema imeichafua nchi na kuhatarisha biashara ya samaki. Wabunge waliizungumza, na mwezi Agosti yalifanyika maandamano jijini Mwanza ya kuipinga. Baadhi ya Watanzania walioonekana ndani yake walisumbuliwa, na mwandishi wa habari mmoja aliyehojiwa katika filamu alikamatwa na kuhojiwa. Inasikitisha kwamba aliyetengeneza alikuwa mbali na salama, na walioadhibiwa ni wale waliomfungulia mlango. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji hakupona.

Ufaransa nako palizuka ubishi. Mwanahistoria François Garçon aliandika makala, kisha kitabu mwaka 2006, akidai kwamba filamu inadanganya, hasa katika kudokeza kwamba ndege za samaki huleta silaha. Pia alidai kwamba baadhi ya matukio ya watoto yaliigizwa. Sauper alimshtaki kwa kashfa. Mwaka 2008 mahakama ya Paris ilimtia Garçon hatiani, na rufaa ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2009. Hata hivyo msomaji asichanganye mambo. Mahakama ilihukumu juu ya heshima ya mtu aliyetuhumiwa, wala haikukalia kiti ili iamue kama filamu imeyaeleza yote ya Mwanza kwa haki. Kazi hiyo ya pili imebaki kwetu.

JEAN ROUCH KAMA KIPIMO

Ili tusimpime Sauper kwa hasira zetu, tumtafutie wa kulinganishwa naye. Jean Rouch alizaliwa Paris mwaka 1917. Alikwenda Niger mwaka 1941 kama mhandisi wa barabara, akawa mtafiti wa mila, na kwa zaidi ya miaka 50 akatengeneza filamu zaidi ya 100, nyingi kati yake zikiwa za Afrika Magharibi. Watengenezaji vijana wa Ufaransa wa miaka ya 1960 walijifunza kwake kuitoa kamera studioni na kuipeleka barabarani. Alifariki katika ajali ya gari nchini Niger mwezi Februari 2004, miezi michache kabla ya filamu ya mapanki kuonyeshwa Venice.

Rouch naye alishutumiwa. Filamu yake ya mwaka 1955, Les Maîtres fous, inaonyesha watu wakipagawa na pepo wenye sura ya wakoloni, wakitokwa povu na kula nyama ya mbwa. Waafrika wasomi waliona aibu, na utawala wa Waingereza katika Gold Coast ukaipiga marufuku. Mwaka 1965 Ousmane Sembène wa Senegal alimwambia ana kwa ana kwamba yeye na wenzake huwatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu. Shutuma hiyo ni nzito, na haijazeeka.

Lakini Rouch alikuwa na desturi moja inayostahili kufikiriwa na kila mchungaji. Alizirudisha picha kwa wenyewe. Katika miaka ya 1950 aliwaonyesha wavuvi wa kijiji cha Ayorou, kando ya mto Niger, filamu aliyoitengeneza juu ya uwindaji wao wa viboko. Walilia walipowaona marehemu wao wakitembea kwenye shuka, kisha wakaanza kukosoa. Rouch alikuwa ameweka muziki wa wawindaji katika sehemu ya mawindo. Wakamwambia hapana: wakati wa kuwinda ni kimya, kiboko akisikia muziki atakimbia. Rouch akauondoa. Si hilo tu. Katika filamu yake Moi, un noir, iliyopigwa mjini Abidjan na kupata tuzo ya Louis Delluc mwaka 1958, kijana wa Niger aitwaye Oumarou Ganda alizitazama picha zake mwenyewe na kuyatoa maneno ya filamu kwa kinywa chake. Ganda hakuridhika na namna Rouch alivyomwonyesha, na miaka kumi hivi baadaye akatengeneza filamu yake mwenyewe. Aliyepigwa picha akaishika kamera.

Hapa ndipo tunapokipata kipimo. Kumwonyesha mtu katika unyonge wake si dhambi yenyewe; hata Injili zinawaonyesha wenye ukoma na makahaba. La kuuliza ni kama mtu huyo amepewa nafasi ya kusema, "hapa umeweka muziki mahali pa kimya."

TATHMINI

Luther, katika Katekisimo Ndogo, hakuishia katika kukataza uongo. Alituagiza pia kulilinda jina la jirani na kuyaelewa mambo yake kwa upande ulio mwema. Wengi waliokasirishwa na filamu wangefurahi kuisoma amri hivyo na kuishia hapo. Lakini katika Katekisimo Kubwa Luther anaanza mahali pengine, yaani mahakamani, ambapo maskini asiye na mtetezi anaonewa kwa ushahidi wa wakubwa. Tena anasema wazi kwamba ovu lililo hadharani laweza kukemewa hadharani. Kwa hiyo Amri ya Nane si blanketi la kuifunika aibu ya taifa. Aliyetajwa kwanza katika ulinzi wake ni mama wa mapanki, si mwenye kiwanda wala waziri.

Kwa kipimo hiki filamu ina haki kubwa. Yeyote aliyeishi Kanda ya Ziwa katika miaka ile anajua kwamba mapanki yaliliwa na watu. Waliosema kwamba ni chakula cha mifugo tu walisema nusu ya kweli. Katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake, na mwanatheolojia wa utukufu huita baya jema. Ndani ya filamu yenyewe umo mkutano wa wataalamu ambapo mjumbe mmoja analalamika kwamba picha za ziwa lililochafuka zinaonyesha ubaya tu, na kwamba ziwa linapaswa kuuzwa kwa sura nzuri. Aliyaeleza mapema yote yaliyosemwa mwaka 2006. Mficha uchi hazai, nasi tulijaribu kuuficha uchi wetu kwa maandamano.

Aidha, Sauper anajua kusikiliza. Mlinzi wa usiku hakatizwi. Anaachiwa muda wa kufikiri na kucheka, na maneno yake juu ya vita yanatisha kwa sababu si mtu mbaya anayeyasema. Ni mtu mwenye akili, aliyepiga hesabu ya mshahara.

Hata hivyo filamu ina makosa mawili, na yote mawili ni ya kitheolojia.

Kosa la kwanza ni kudokeza pale ambapo ilipaswa kuthibitisha. Ndege zinatua, marubani wanaulizwa zilileta nini, wanajibu kwa kukwepa, picha inahamia kwingine. Mwishoni rubani mmoja anakiri kwa huzuni kwamba aliwahi kupeleka vifaa vya vita Angola, kisha akarudi Ulaya na zabibu kutoka Afrika Kusini. Ni maungamo ya kweli, nami nayaona kuwa mahali pazito kuliko pote katika filamu. Lakini ni maungamo ya Angola. Yanapowekwa mwisho wa hadithi ya Mwanza, mtazamaji anaondoka akiamini kwamba ameona silaha katika ndege za sangara, na hakuziona. Kuunganisha picha ni kushuhudia. Mtu aweza kusema maneno yaliyo kweli moja moja, na mpangilio wake ukasema zaidi ya anayoyajua. Samaki mmoja akioza huoza wote, twasema; lakini shahidi hana ruhusa ya kuitumia methali hiyo kama ushahidi.

Kosa la pili limo katika jina lenyewe. Sangara amewala furu, na filamu inataka tuone kwamba vivyo hivyo wenye mtaji wanawala wavuvi, kana kwamba sheria ya ziwa ndiyo sheria ya binadamu. Kama mfano, unachoma moyo. Lakini ukiufuata hadi mwisho, hakuna mtu wa kutubu. Sangara hawezi kutubu. Alipandikizwa, akapata njaa, akala. Biblia haimwelezi hivyo mtu anayewala maskini. Nabii Mika anapowakemea wakuu wanaowachuna watu ngozi (Mika 3:1-3), anawakemea kwa sababu walipaswa kuijua haki. Dhambi ina mwenyewe. Filamu imetuonyesha jinamizi, na jinamizi humjia mtu akiwa amelala. Manabii walituonyesha mapatano, na mapatano hutiwa sahihi na watu wenye majina.

Ndiyo maana katika filamu hii karibu hakuna mwenyeji anayetenda jambo. Watu wanakumbuka, wanaomba na kufa. Lakini katika kambi zilezile za wavuvi walikuwepo akina mama waliolea yatima wasio wao, walimu, wauguzi, na vikundi vya wanawake wa makanisa waliowaosha wagonjwa waliokimbiwa na ndugu zao. Kuwaacha hao si uongo wa neno, ila ni upungufu wa ushuhuda. Mnyonge akionyeshwa kama mnyonge tu, amenyang'anywa kitu cha mwisho alichobaki nacho.

MCHUNGAJI NDANI YA FILAMU

Sasa turudi kwa mtumishi mwenzetu. Ni rahisi kumcheka, na watazamaji wa Ulaya walimcheka. Msomaji wa jarida hili asifanye haraka. Mtu yule aliwazika watu. Idadi ya vifo anaitoa kichwani, bila daftari, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama makaburini. Katika hilo ni shahidi kuliko wote waliohojiwa.

Tatizo lake ni kwamba ana neno moja tu, nalo ni neno la Sheria, na amelielekeza kwa aliye dhaifu kuliko wote. Binti anayelala na rubani ili apate chakula anaambiwa dhambi yake. Rubani haambiwi ya kwake, wala anayepanga bei ya minofu, wala anayekula minofu hiyo Hamburg au Marseille. Sheria ikihubiriwa kwa upande mmoja si Sheria ya Mungu tena, ni desturi ya wenye nguvu. Na Injili haisikiki kabisa. Onyesho la nyavu zilizojaa lingeweza kuwa mwanzo wake, kwa maana katika Luka 5 wavuvi waliokesha bure wanapewa samaki, kisha wanaitwa kwa majina. Lakini onyesho linakwisha na watu wanarudi gizani.

HITIMISHO: KAMERA YETU WENYEWE

Huku Nkoma, wilayani Itilima, tuko mbali kidogo na ufuko, lakini Mto Simiyu unayapeleka maji yetu katika ziwa lilelile, na samaki wakavu wa ziwa hilo hufika minadani kwetu. Jambo hili si la watu wa Mwanza peke yao. Tena siku hizi kamera haiko mikononi mwa mgeni tu. Kila mtu mwenye simu ni mtengenezaji wa filamu, na Kanisa nalo limekuwa mtengenezaji mkubwa.

Fikirini, ndugu, taarifa zinazotoka sharikani na katika vituo vya diakonia kwenda kwa marafiki wa ng'ambo. Mtoto anavuliwa viatu kabla ya picha. Bibi mwenye kuku kumi na mbili na mbuzi wanne anaandikwa kwamba hana kitu. Yatima anasimamishwa na kibao chenye jina lake, na habari ya ugonjwa uliowaua wazazi wake inatumwa kwa watu asiowajua. Nia ni njema: fedha ipatikane, shule ijengwe. Lakini ni dokezo lilelile na mpangilio uleule wa picha tuliomlaumu Sauper kwao, na tofauti ni kwamba yeye alitafuta tuzo, taarifa zinatafuta msaada. Mahubiri nayo yana hatari hiyo. Habari ya muumini iliyosikiwa katika nyumba yake ya msiba inaweza kuwa mfano wa kupendeza Jumapili ijayo, naye ameketi benchi la tatu.

Napendekeza kanuni moja, tuliyoikopa kwa wawindaji wa Ayorou. Taarifa yoyote, picha yoyote, habari yoyote ya mtu isitoke kabla haijarudishwa kwake kwanza. Bibi asomewe yaliyoandikwa juu yake, kwa Kisukuma kama ndiyo lugha yake, na akisema kwamba kuku wake wamesahauliwa, kuku waandikwe. Huenda fedha ikapungua. Huenda pia marafiki wetu wakajifunza kutoa kwa jirani mwenye kuku, jambo ambalo ni gumu zaidi na la Kikristo zaidi. Vyuo vyetu vinaweza kuanza kwa kuwapa wanafunzi wa diakonia na mawasiliano zoezi hilo kabla ya kwenda mazoezini sharikani.

Filamu ya mapanki na itazamwe basi katika vyuo vyetu, na itazamwe pamoja na watu wa ziwa, ili waseme ni wapi palipowekwa muziki mahali pa kimya. Sauper alituonyesha mambo tuliyokuwa tukiyapita kila siku, na kwa hilo tunamdai shukrani. Mtu yule wa vichanja vya mapanki, aliyepoteza jicho, alizungumza na dunia nzima. Sijui kama yupo mchungaji aliyewahi kumwuliza jina lake.